Wifi Veneranda, Maji Yamerudi Magotini

Wifi Veneranda,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, maana nilikuosha kwa mikono yangu mwenyewe, kwa maji haya haya ya moto uliyoyalinda maisha yako yote. Nikakufunga kitambaa kichwani, nikakuangalia usoni, nikaona bado umenuna. Hata kufa umekufa umeninunia. Basi leo nakuandikia mimi Skola, mke wa kaka yako, na usianze kuucheka mwandiko. Unajua niliishia darasa la pili nikamalizia na kisomo cha watu wazima pale kanisani, na wewe ndiye uliyekuwa unakaa nyuma yangu unaninong'oneza majibu ya uongo.

Naandikia hapa hapa kwenye chemchemi. Wanawake wamemaliza zamu yao ya kuoga, wanaume bado wanajikokota huko vyumbani. Upepo wa mwezi wa saba unaujua, unashuka kutoka mlimani kama umetumwa. Nimevaa sweta mbili na kitenge juu yake, na miguu nimeitumbukiza majini. Jiwe lako lipo hapa ubavuni kwangu. Tangu uondoke hakuna mgeni aliyelikalia. Mgeni akilisogelea namwambia, "Hapo pana mwenyewe." Anageuka huku, anageuka kule, haoni mtu, anaondoka mbio. Na kwa vile wanajua hapa ni Sumbawanga, wifi, sihitaji kuongeza neno.

Nina jambo la kukiri kwako. Sitaanza nalo. Nikianza nalo utaacha kunisikiliza, ndiyo tabia yako. Nakupa kwanza habari za nyumbani.

Barabara ya kutoka mjini imechongwa. Siku hizi bodaboda anapita Kasense, anapanda vilima, anafika hapa Majimoto kabla abiria hajamaliza kulalamika. Umeme umefika mpaka kwenye mti wa msalaba. Mama wa chai ameongeza supu ya maharage, na chapati zake bado ngumu, usijisumbue kutamani. Vile vyumba vyangu vinne vya wageni nimevipaka chokaa. Jumamosi ya soko watu wanajaa, wa mahindi, wa ulezi, wa samaki wakavu kutoka Bonde la Rukwa, mpaka unasahau kwamba hiki ni kimji chenye mtaa mmoja na nusu. Na wageni wanaulizia. Wanasema wamesikia kuna Majimoto. Nawaambia ndiyo hii, si ile ya kule Mpimbwe, hii ndogo ya kwetu, yenye baridi juu na moto chini.

Na ile kazi yako ya kuwasimulia wageni historia imeniangukia mimi. Cheka sasa, maliza.

Wewe ulikuwa unawaketisha, unalainisha sauti kama unamlaza mtoto. Mimi sina sauti hiyo. Mimi nawaambia vaeni vizuri, acheni simu, sikilizeni, sirudii. Nawaambia kwamba zamani wafua chuma wa Kifipa walikuwa wanakuja hapa wakishamaliza kuyeyusha. Nawapeleka kilimani nikawaonyesha malungu, yale matanuru marefu ya udongo, yaliyobaki mawili na nusu, nawaambia yaguseni kwa macho tu. Watu walikuwa wanakesha kwenye moto ule siku na siku, miili imekauka, wanashuka hapa kulainisha mifupa. Nawaambia wabeba chumvi kutoka kule bondeni Rukwa walikuwa wakipanda na mizigo yao, wakifika hapa wanatua, wanaloweka nyayo, wanalipa kwa chumvi kiganja kimoja. Nawaambia mapadre wazungu walikuja na magoti yao mabovu, wakajenga kile chumba cha mawe kisicho na paa, wakaoga humo na kofia kichwani. Hilo la kofia ulilisema wewe. Sina hakika nalo, lakini wageni wanalipenda, basi nalisema.

Kisha tukaletwa sisi, tulipohamishwa kutoka kwenye vitongoji vyetu tukakusanywa kijijini. Uliyakuta maji yameota nyasi. Ukawa msichana wa kwanza kuinama ukaanza kuzibua jicho la chemchemi kwa vidole, na mama yako akakuchapa kwa kuchafua nguo.

Mgeni mmoja wa Dar es Salaam, kijana mwenye miwani, akaniuliza, "Bibi, ni kweli huku mnatuma radi?" Nikamjibu, "Ningekuwa natuma, wifi yangu asingefika uzee." Akacheka mpaka akateleza. Nikacheka. Halafu nikaja kukaa hapa kando ya jiwe lako, wifi, na kicheko kikaisha vibaya.

Haya. Sasa jambo lenyewe.

Unakumbuka ugomvi wetu wa mwisho. Usijifanye umesahau. Mimi nilisimama pale penye nyasi, wewe umekaa kwenye jiwe, na nilikuwa nimetoka kuonyeshwa na mgeni kwenye simu picha ya bwawa la kuogea la huko kwao. Limesakafiwa, maji yanafika shingoni, watu wanaelea kama majani. Nikakwambia tujenge ukuta hapa kwetu, maji yapande, wageni waache kuchuchumaa kama kuku wanaooga vumbi. Ukanijibu neno lile lile ulilokuwa unanijibu miaka yote: "Skola, maji yasivuke goti."

Maji yasivuke goti! Kila mara. Yakipanda juu ya alama ile iliyochongwa kwenye jiwe lako, unafungua njia yakapungua. Yakishuka chini ya alama, unazibua jicho. Mgeni akitaka kuzuia mfereji kwa matope ili ajilaze, unamfukuza. Nikikuuliza kwa nini, unasema, "Ndivyo nilivyoyakuta." Hilo nalo ni jibu, wifi? Hilo ni jibu la mtu aliyechoka kuulizwa! Mimi nilifikiri ni mambo yako ya heshima, kwamba mwanamke asiloweke mapaja mbele ya njia. Siku nyingine nilifikiri ni uchoyo. Siku ile nilikwambia hivyo, uchoyo, mbele ya wateja wa chai. Ukanyanyuka, ukajifunga kanga, ukaondoka bila kuaga. Wiki mbili baadaye kifua kikakubana, na hatukuwa tumesemeshana.

Hilo silizungushi. Nilikuja kitandani kwako na uji wa ulezi, ukaunywa, ukageukia ukutani. Nilidhani kesho utageuka.

Tulipokuzika, wageni walipungua. Waliokuja walikuulizia wewe, wakaambiwa, wakanywa chai, wakaondoka. Vyumba vyangu vikakaa na panya. Nikaona kimji kinasinzia. Na nitasema ukweli wote kwa kuwa huwezi tena kunikatiza: nilitaka pia kukuonyesha. Nilitaka maji yafike shingoni, watu wajae, nije kaburini kwako niseme, "Umeona?"

Nikaita fundi kutoka Izia. Mtu mpole, mwenye kazi safi. Akalitazama jicho la chemchemi, akatazama alama kwenye jiwe lako, akakuna kichwa akaniambia, "Bibi, maji haya yamezoea kutoka hapa kwa urefu huu. Ukiyainua sana hayatakubali." Nikamwambia nimekuita ujenge, sikukuita unihubirie. Akajenga. Ukuta wa mawe na saruji kutoka mwamba mpaka mwamba, kimo cha kifua changu. Nilisimama pale na fimbo siku zote nikihesabu mawe kama mkaguzi.

Wifi, yalipanda. Siku chache za kwanza yalipanda mpaka kifuani, ya moto, ya kijani, mvuke unaelea juu. Watu walikuja kutoka mjini kwa makundi. Nilitembea kando ya ukuta nimeweka mikono nyuma. Jiwe lako lilizama. Nilijiambia si kitu, lipo chini yake, halijaondoka.

Halafu mwanamke mmoja mgeni akatoka majini akisugua mabega, akasema, "Mbona vuguvugu?" Nikamkaripia kwamba ngozi yake ndiyo imezoea. Kesho yake yakawa vuguvugu kweli. Yakaanza kushuka. Kila asubuhi naweka kijiti ukutani, kila asubuhi kijiti kinabaki juu, kikavu. Mwishowe bwawa lilikuwa na maji ya baridi ya kufika kisiginoni, na vyura. Jicho lilikaa kimya. Niliinama nikaweka sikio. Hakuna kitu. Nilikaa pale kwenye matope, mtu mzima, bibi wa wajukuu kumi na mmoja, nikalia kama niliyepotea sokoni.

Na nilipomaliza kulia sikujiuliza nimefanya nini. Nilitafuta wa kulaumu. Unanijua.

Pale bondeni, chini ya chemchemi, ipo ile familia ya Kisukuma iliyohamia na ng'ombe wao. Mama Kulwa, yule mwenye mapacha. Wewe ulimpenda. Alipofika na mgongo wake uliovunjika kwa uzazi, ulimleta hapa kila alfajiri ukamkandia na maji, na mimi nilikuwa nakwambia, "Utawazoesha hawa, watatuletea ng'ombe mpaka kitandani." Basi nikasimama kwenye mkutano wa kijiji, nikasema kwa sauti yangu hii ng'ombe za Mama Kulwa zimekanyaga bonde mpaka chemchemi imeziba. Nikasema maji ya moto ni ya watu, si ya kwato. Watu wana njaa ya mtu wa kulaumu, wifi, nao walikuwa na vibanda na vyumba kama mimi. Walinipigia makofi. Mwenyekiti akauliza Mama Kulwa ana la kujibu. Akasimama, akasema pole pole, "Ng'ombe zangu hazipandi huko juu. Lakini mkisema tuhame, tutahama." Akakaa. Ikaamuliwa wakishavuna mahindi waondoke. Nyumba nzima, na mapacha, na yule mkwe wake kikongwe aliyekuwa anakuita dada.

Nilirudi nyumbani nimeshinda. Nilikula ugali, nikalala.

Mahindi yakaanza kukauka shambani. Wakaanza kufunga vitu. Asubuhi moja nafungua mlango kufagia, namwona Mama Kulwa anapanda njia na ndoo kichwani, ametandika ngata, shingo imenyooka. Nilifikiri amekuja kunitukana, nikashika ufagio vizuri. Akatua ndoo kizingitini. Kwa baridi ile ya asubuhi ilikuwa inafuka mvuke. Na ile harufu, wifi. Ile harufu ya yai lililokaa kidogo, ambayo wageni wanaziba pua na sisi tunaisikia kama harufu ya nyumbani. Hata ningefumba macho ningejua.

Akaniambia, "Mayu," ndivyo wanavyomwita mama kwao, "maji yako yamehamia kwangu. Yametokea nyuma ya zizi. Njoo uyachukue, ndama wangu wanaogopa kukanyaga."

Nilishuka naye bila viatu. Kweli. Nyuma ya zizi, chini ya kichaka, matope yanatokota, maji yanatoka ya moto, yanajipotezea kwenye majani. Ndama wamesimama mbali wanayakodolea macho. Na pembeni ndugu zake wanafunga magodoro kwenye mkokoteni, kwa ajili yangu.

Nikatazama juu. Nikauona ukuta wangu kule kilimani, mweupe, mrefu. Nikauona mteremko kutoka kule mpaka hapa. Ndipo nikaelewa maneno yako yote kwa mara moja, nikasimama pale na miguu kwenye matope ya moto kama mtu aliyepigwa kofi. Maji yakibanwa yakapandishwa juu ya mlango wake, yanatafuta mlango mwingine ulio chini. Ndiyo sababu. Si heshima, si uchoyo. Goti ndiyo kimo cha mlango. Yakivuka goti yanahama.

Ulijua, Veneranda? Au nawe uliyakuta hivyo hivyo, alama imeshachongwa na wa kale, ukashika bila kuuliza? Kama ulijua ukaninyima, nitakugombeza tukionana. Kama hukujua, basi ulikuwa na utii ambao mimi sikuzaliwa nao.

Nilimwuliza Mama Kulwa kwa nini amekuja kuniambia. Angeweza kunyamaza. Angechimba shimo, angeweka uzio, wageni wangepita mlangoni kwangu wakashuka kwake, na kijiji kingembembeleza abaki. Ningekuwa mimi, ningenyamaza, naandika hapa kwa mkono wangu ili nisije nikabadili. Akanijibu, "Bibi Veneranda aliniingiza kwenye maji yake siwezi kusimama. Siwezi kuyaficha."

Nilimkamata mkono tu, tukasimama.

Siku ile ile nilikwenda kwa mwenyekiti nikamwambia aitishe mkutano. Akasema tulifanya majuzi. Nikamwambia huo ulikuwa wa uongo, nataka wa kweli. Watu wakaja. Nilisimama, wifi, pale pale niliposimama mara ya kwanza. Nikasema, "Mliniamini mimi, mkakosea, kwa sababu mimi nilikosea kwanza. Mwenye kosa ni Skolastika. Ng'ombe hawajui kujenga ukuta." Halafu mama wa chai akapiga kelele nyuma, "Jamani, Bibi Skola kakiri! Mtu aandike, hatutalisikia tena!" Wakacheka wote, mpaka mwenyekiti, mpaka mkwe wa Mama Kulwa mwenye meno mawili. Nikawaacha wacheke. Ilikuwa haki yao. Kisha nikasema familia ile haiendi popote, na anayetaka wahame aanze kunihamisha mimi. Hakuna aliyejaribu.

Kubomoa tulibomoa wenyewe. Ndugu zake Mama Kulwa walifungua mkokoteni ule ule, wakashusha magodoro, wakapakia nyundo na mtaimbo. Nilidai kupiga pigo la kwanza. Nyundo ilikuwa nzito, nilitoa kipande cha ukubwa wa sabuni, lakini nilikitoa. Yale mawe na vipande vya saruji tumevitandika kwenye njia, pale ulipokuwa ukiteleza masika. Sasa hata mwenye viatu vya mjini anapita. Angalau ukuta wangu umefaa kitu.

Ukuta ulipokwisha, jicho bado lilikuwa baridi. Nilitaka kuingia na jembe. Mama Kulwa akanishika: "Hapana, mayu, kwa vidole." Akapiga magoti, akayapigia maji makofi madogo, yale ya kumsalimia mkwe, kama ulivyokuwa unafanya na paroko akijifanya haoni. Halafu akaanza kutoa matope, kiganja kimoja kimoja, kutoka pembeni kwenda katikati. Nikamwuliza nani kakufundisha. Nikajua jibu kabla hajafungua mdomo.

Ulimfundisha yeye. Hukunifundisha mimi, miaka yote tumekaa hapa bega kwa bega. Niliumia, wifi, sitasema sikuumia. Nililala na hilo siku mbili. Kisha nikakumbuka vizuri: yeye aliomba. Mimi sikuwahi kukuomba unionyeshe kitu. Mimi nilikuwa nakuja kukuonyesha wewe.

Nikapiga magoti upande wa pili, nikamwambia, "Nionyeshe." Akanionyesha.

Tulizibua siku nne tukatoa mchanga, majani, na saruji iliyomwagika ndani. Siku ya tano, jua linachomoza, tumeinama vichwa vimekaribiana, akanyoosha kidole. Povu dogo, moja, kama uji unapoanza kuchemka. Likapasuka. Likaja lingine. Akasema kwa Kiswahili chake kile cha kuvuta, "Lisikie, linapumua." Nikaweka kiganja. Baridi, baridi, halafu uzi mwembamba wa moto ukapita katikati ya vidole vyangu. Nililia tena, lakini hiki kilikuwa kilio cha namna nyingine, nawe ungenicheka.

Kule nyuma ya zizi yalikauka taratibu. Ndama wamerudi kulala pale, panabaki na joto kidogo.

Leo maji yapo kwenye alama ya jiwe lako. Kamili. Wageni wanachuchumaa kama kuku, na hakuna anayelalamika, kwa sababu sasa nawaambia sababu. Wewe hukupenda kueleza. Mimi naeleza mpaka wanaomba niache. Na unajua, wanakaa kwa adabu zaidi wakijua. Juzi nimemsikia baba mmoja anamkaripia mwanawe aliyekuwa anaziba mfereji kwa mchanga: "Acha! Yatahama, yatamfuata Msukuma!" Mama Kulwa alikuwa anapita na maziwa. Akamjibu, "Yakija tena, safari hii siyarudishi!" Tukacheka wote watatu.

Tumeweka kibao pia. Kijiji kilitaka historia iandikwe pale njia inapoingia, wageni wasome wenyewe, na wakaniachia mimi niseme iandikwe nini. Unakumbuka tulivyokuwa tunagombana nani aliyaona maji kwanza. Mimi nilisema ni mwindaji, ndivyo alivyosimulia baba yangu. Wewe ulisema ni mwanamke aliyekuwa anatafuta mbuzi wake, akamkuta amesimama kwenye mvuke hataki kutoka. Miaka yote hiyo tumegombana, mpaka kaka yako, Mungu amrehemu, akawa anatoka nje akisikia neno mbuzi.

Kibaoni nimeandika la kwako. Mwanamke na mbuzi. Nilifikiria kuandika yote mawili, halafu nikasema hapana, acha nishindwe vizuri. Tena baada ya kuona ndama wale wamesimama kuyatazama maji, naona huenda wewe ndiye uliyesema kweli. Wanyama wanaona mapema kuliko sisi. Chini kabisa, kwa herufi kubwa, nimeweka: MAJI YASIVUKE GOTI. Na sababu yake chini yake, ili atakayekuja baada yetu asilazimike kujenga ukuta ndipo ajue.

Mwezi ujao ni misa yako ya mwaka. Nitapika maharage na ugali wa ulezi, nitaalika watu wa bondeni na wa mlimani, na mkwe wa Mama Kulwa amesema ataleta jogoo na atatoa hotuba. Hatutaweza kumzuia. Baada ya misa nitakusomea barua hii pale kaburini, kwa sauti, na wakinishangaa washangae. Nimekwisha kukiri mkutanoni, kaburini siogopi.

Ngoja, kuna jambo lingine, na nilikuwa nalikwepa.

Asubuhi ya leo, kabla sijaanza kuandika, tulimaliza kusafisha jicho mimi na Mama Kulwa. Mgongo ulimuuma. Akajinyoosha, akatafuta mahali pa kukaa, akakaa. Kwenye jiwe lako. Hakuuliza. Akatumbukiza miguu, maji yakamfikia pale pale, gotini, kwenye alama. Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari, "Hapo pana mwenyewe," lilikuwa mdomoni kabisa.

Nikalimeza. Nikavuta sweta, nikakaa pembeni yake.

Basi nakuahidi hili, Veneranda. Maji hayatavuka goti nikiwa hai, na nikifa yupo wa kuyashika, na siku moja mapacha wake watafundishwa, kwa vidole, bila jembe. Nami nitaendelea kuwasimulia wageni habari zako, pamoja na ile kofia ya mapadre, ambayo bado naamini uliitunga.

Sasa nakuacha, wanaume wanashuka, naona wa kwanza amekwisha vua viatu kabla ya kufika. Geuka basi kutoka ukutani, wifi, unitazame. Nimekuja na uji.

Mimi wifi yako,
Skola